Kufunga Vyuma vya Sitaha Kwenye Mashua Kuukuu ya Tanga: Mwongozo kwa Wamiliki wa Kisumu

Wenye mashua ndogo za tanga hapa Kisumu hupenda kusema kwamba ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo mashua zetu haziliwi kama zile za Mombasa na Kilifi. Kuhusu vyuma, wasemayo ni kweli. Kuhusu mbao zilizofichwa ndani ya sitaha, ni kinyume kabisa, kwa sababu chumvi ya bahari huidumaza kuvu inayoozesha mbao, ilhali maji ya mvua hayana kizuizi hicho, na Kisumu ni mji ambao mvua ya alasiri haingoji masika. Mwongozo huu unahusu kufunga kliti (vifaa vya kufungia kamba), kapi, pete na vyuma vingine juu ya sitaha ya mashua ya faibaglasi yenye umri mkubwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kuzuia mvua isipite kwenye matundu utakayoyatoboa.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Mashua yangu ina urefu wa futi 17, na aliyeimiliki kabla yangu alikuwa amefunga kapi la demani (demani ni kamba inayolidhibiti tanga) kwa skrubu nne za mbao zilizozamishwa kutoka juu bila nati wala bamba chini. Alasiri moja ya Februari, tukiwa tumeshaipita Dunga na upepo wa ziwani umeanza kushika kasi, kapi lile liling'oka lote kwa mkupuo mmoja. Nilipoziokota skrubu, kila moja ilikuwa imeng'ang'aniwa na nyuzi za mbao nyeusi, zilizolowa kama majani ya chai yaliyobaki kwenye kichujio. Ili nipate mahali pagumu pa kulifunga kapi jipya, nililazimika kukata karibu robo ya sitaha.

Ifahamu sitaha yako kabla ya kushika drili

Mashua nyingi ndogo za faibaglasi zilizoundwa kati ya miaka ya 1960 na 1980 hazina sitaha ya faibaglasi tupu. Zina maganda mawili membamba, moja juu na moja chini, na katikati yake kuna kiini cha mbao ya balsa au cha plaiwudi. Muundo huu huifanya sitaha iwe nyepesi na ngumu kwa wakati mmoja, mradi kiini kiwe kikavu na kimeshikamana na maganda yote mawili. Maji yakishaingia kupitia tundu la bolti, mbao huanza kuachana na ganda, kisha huoza, na sitaha huanza kubonyea unapoikanyaga.

Chukua sarafu ya shilingi 20, au mpini wa plastiki wa bisibisi, ugonge sitaha polepole kila baada ya sentimita tano, ukianzia mahali ambapo una hakika pako salama. Sehemu nzima hutoa sauti kavu na kali, ilhali iliyoachana au kulowa hutoa sauti butu, mfano wa kugonga kitabu kinene. Zungushia chaki kila mahali penye sauti butu. Utagundua kwamba miduara mingi imekizunguka chuma cha zamani, na hilo halipaswi kukushangaza.

Mahali unapotaka kufunga chuma kipya, toboa kutoka chini tundu dogo la milimita 3 linaloishia ndani ya kiini bila kulifikia ganda la juu, kisha uangalie unga unaotoka. Unga mweupe au wa manjano hafifu, unaopeperuka ukiupuliza, ni habari njema. Unga wa kahawia unaogandamana kwenye biti unamaanisha maji, na kazi isimame hapo. Wapo wanaopendekeza kuingiza epoksi, yaani gundi ya sehemu mbili zinazochanganywa hadi igande, kwa sindano ndani ya mbao iliyolowa. Mimi nimeijaribu njia hiyo, na siipendekezi hata kidogo, kwa sababu epoksi haiwezi kushika mbao iliyokwisha kujaa maji, bali huyafungia ndani. Ikiwa mbao imelowa tu bila kuoza, fungua matundu kadhaa kutoka chini na uiache mashua chini ya paa kwa majuma kadhaa ya kiangazi, Januari na Februari. Ikiwa imeoza, ganda moja lazima likatwe na kiini kibadilishwe, na hiyo ni kazi nyingine inayostahili maelezo yake.

Chuma kitavutwa kwa nguvu kiasi gani, na kuelekea wapi

Hesabu hapa haihitaji ufundi mkubwa. Tanga la mbele lenye mita 6 za mraba, katika upepo wa noti 20 (kama kilomita 37 kwa saa), huivuta demani yake kwa nguvu ya takriban kilo 50. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Isitoshe, kapi linalogeuza kamba irudi ilikotoka hubeba mara mbili ya mvuto wa kamba yenyewe, na linaloigeuza kwa pembe mraba hubeba takriban mara moja na nusu. Kwa hiyo kapi dogo lililo nyuma ya mashua, ambalo demani hulipitia na kurudi mbele, linaweza kubeba mzigo mkubwa kuliko kliti inayoishikilia demani hiyohiyo.

Kwa mashua za Ghuba ya Winam naongeza mzigo mmoja ambao vitabu vya mabaharia wa ng'ambo havina sababu ya kuutaja, nao ni gugumaji. Upepo ukigeuka na kulisukuma gugumaji hadi likaiziba njia ya kurudi ufukoni, mashua ya tanga huondolewa humo kwa kuvutwa na boti yenye injini, na mvuto wote huo huishia kwenye kliti iliyo omoni, yaani mbele kabisa ya mashua. Mwendesha boti naye mara nyingi huongeza moto ghafla. Ukiwa na fedha za kufunga vizuri chuma kimoja tu mwaka huu, anza na kliti hiyo ya omoni.

Panga vyuma vyako kwa kamba halisi kabla ya kutoboa. Shika kliti mahali pake kwa utepe wa karatasi, pitisha kamba, keti unapoketi ukiwa ziwani, kisha uvute. Kliti ya pembe mbili isiwekwe sambamba na kamba inayoijia, bali igeuzwe kidogo, nyuzi 10 hadi 15 hivi, ili mzunguko wa kwanza wa kamba usijibane wenyewe. Chungulia chini pia, kwa sababu nati zinahitaji nafasi ya kuzungushwa. Kama kuna dari ya ndani inayozuia mkono, kata tundu la duara la inchi 5 na uliwekee mfuniko wa plastiki wa kuzungusha. Usikubali kamwe kurudia skrubu za mbao kwa sababu tu mkono haufiki.

Bolti, nati na mabamba

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi utauziwa bolti zinazong'aa na kuambiwa kwamba ni za chuma kisichoshika kutu. Tazama kichwa chake. Bolti halisi huwa na alama, kwa mfano A2-70 au A4-80. A2 ni aina inayojulikana pia kama 304, na A4 ni 316, inayostahimili chumvi zaidi. Kwa mashua inayokaa Ziwa Victoria, A2 inatosha, na sioni sababu ya kulipia A4 isipokuwa kama unakusudia siku moja kuipakia mashua kwenye lori na kuipeleka pwani. Bolti isiyo na alama yoyote, ambayo sumaku inaidaka kwa nguvu, karibu hakika ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha. Sumaku ikivuta kwa unyonge tu, usiikatae bolti, kwani hata chuma halisi kisichoshika kutu huvutwa kidogo kikiwa kimefinyangwa kikiwa baridi.

Jihadhari pia na vipimo. Mashua kuukuu zilizotoka Uingereza mara nyingi zina matundu ya bolti za robo inchi, ambayo ni milimita 6.35, huku madukani ukipata za milimita 6. Bolti ya milimita 6 itapita katika tundu la robo inchi ikiwa na ulegevu kidogo, lakini nati ya kipimo kimoja haitakaa kwenye bolti ya kipimo kingine, hata ukiilazimisha. Ukiilazimisha, utaharibu zote mbili.

Chini ya sitaha, kila kikundi cha bolti kinahitaji bamba la kusambaza mzigo. Alumini ya milimita 5 ni nzuri, na mafundi wa jua kali wataikata kwa kipimo utakachowachorea. Plaiwudi ya baharini ya milimita 12 iliyolowekwa epoksi pande zote na kwenye kingo pia inafaa, na mvule uliokauka vizuri nimeutumia bila majuto. Bamba lipite nje ya bolti kwa milimita 25 angalau kila upande, na pembe zake ziviringwe, kwa sababu pembe kali huikata faibaglasi mzigo unapozidi. Sehemu ya chini ya sitaha haiwi laini kama ya juu, kwa hiyo bamba likibanwa hivyohivyo litagusa vinundu vitatu na kuacha mengine yote wazi. Lipake epoksi nzito upande wa juu, ulibane kwa wepesi hadi epoksi ijaze mabonde, kisha uliache likauke. Kama bamba ni la alumini, weka washa pana za nailoni au tabaka la rangi kati yake na nati, ili metali hizo mbili zisilane.

Kutengeneza matundu

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika, na wengi hupaharakisha. Lengo ni kwamba bolti isiiguse mbao ya kiini mahali popote, bali ipite ndani ya nguzo ya epoksi ngumu inayounganisha ganda la juu na la chini. Nguzo hiyo hufanya kazi mbili: maji yakivuja kupitia tundu, yatadondoka ndani ya mashua ambako utayaona, badala ya kuingia kwenye kiini kimyakimya, na bolti ikikazwa, haitaibana balsa laini hadi sitaha ikabonyea.

Kwa bolti ya milimita 6, toboa kwanza tundu dogo la kuongoza linalopita pande zote mbili, ili uwe na hakika ya mahali. Kisha, kutoka juu, panua tundu hadi milimita 12 au 14 kupitia ganda la juu na kiini chote, lakini uache ganda la chini likiwa na lile tundu dogo tu. Funga utepe mzuri kwenye biti kama alama ya kina, na usiamini jicho lako, kwa sababu kiini cha balsa hutobolewa kwa urahisi wa kukushtua. Kwangua mbao iliyosalia chini ya tundu kwa msumari uliopindwa, safisha vumbi, kisha uzibe tundu dogo kutoka chini kwa utepe.

Epoksi ipimwe kwa mizani ndogo ya jikoni, na uhakikishe kwamba unatumia uwiano wa uzito na si ule wa ujazo, kwa kuwa katika bidhaa nyingi viwango hivyo viwili havilingani. Joto la Kisumu ni adui wa haraka. Epoksi hukauka kwa takriban nusu ya muda kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, hivyo mchanganyiko ambao mtengenezaji amesema utakupa nusu saa katika nyuzi 20 utakuacha na robo saa tu hapa kwetu. Anza saa moja asubuhi, ukiwa kivulini, na umalize kabla ya saa nne. Changanya kidogo kidogo, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, na ukimwaga katika sahani bapa badala ya kuiacha kikombeni, kwa sababu epoksi iliyorundikana hujipasha moto yenyewe hadi ikatoa moshi. Vaa glavu kila mara. Anayezoea kuishika kwa mikono mitupu huishia kuwashwa ngozi, na mwasho huo ukishakuingia hautoki.

Kwanza, ipake mbao ya ndani ya tundu epoksi nyepesi isiyochanganywa na kitu, uiache inywe kwa dakika chache, na uongeze pale inapokauka. Ndipo uchanganye epoksi nyingine na unga wa silika hadi iwe nzito kama siagi ya karanga, uitie kwenye bomba la sindano, na ujaze tundu ukianzia chini kwenda juu ili hewa isibaki ndani. Bomba la sindano la mililita 20, linalouzwa katika maduka ya dawa za mifugo, linafaa kuliko vifaa vya bei ghali nilivyowahi kuona. Usitumie ule unga mwepesi wa kujaza mabonde ya rangi, kwani hauna nguvu ya kubeba mzigo. Jaza kupita usawa wa sitaha kidogo, kwa sababu epoksi hushuka inapopenya kwenye mbao.

Iache siku nzima, au mbili ikiwa mvua imenyesha. Kesho yake utakuta utando wa kunata juu yake. Uoshe kwa maji na sifongo la kusugulia kabla ya kupiga msasa, maana msasa peke yake huusambaza tu. Hatimaye toboa katikati ya nguzo hiyo tundu la milimita 6.5 linalopita pande zote, na bamba likiwa tayari limegandishwa chini, upitishe biti moja kwa moja ndani yake ili matundu yalingane.

Kuziba na kukaza

Kabla ya kuweka chuma, panua mdomo wa tundu juu ya sitaha kwa biti ya kuzamishia vichwa vya skrubu, kiasi cha milimita 2 tu, ili utengeneze mfano wa faneli ndogo. Bila faneli hiyo, kizibaji chote hukamuliwa nje bolti inapokazwa na hubaki utando mwembamba kama karatasi. Ikiwepo, kizibaji hubaki kimeizunguka shingo ya bolti kama pete.

Kuhusu kizibaji chenyewe nina msimamo. Silikoni ile ya bafuni isikaribie sitaha yako, kwani huachia baada ya muda, na mabaki yake huzuia kizibaji kingine chochote, hata rangi, visishike. Gundi za poliyurethani hushika vizuri mno, hadi siku ya kufungua chuma ukang'oa na ganda la sitaha pamoja nacho. Utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata, ndio ninaoutumia, kwa kuwa haukauki, hunyumbulika pamoja na sitaha, na chuma hufunguka bila ugomvi. Butili ya mashua si rahisi kuipata hapa, na ile nyeusi ya kuunganishia vioo na taa za magari ina ubora unaotofautiana sana. Ijaribu kwanza: ivute, na inapaswa kurefuka kama nyuzi bila kukatika ghafla, kisha ibandike kwenye bati lililoelekea jua tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Ikiteremka kama lami, usiinunue tena.

Safisha sitaha na tako la chuma kwa asetoni. Finyanga kamba nyembamba ya butili uizungushe chini ya kichwa cha kila bolti kama koni ndogo, kisha utandaze tabaka moja chini ya chuma chote. Bandika chuma, ingiza bolti, na umwite mwenzako. Yeye akae juu akiishika bolti isizunguke hata kidogo, nawe ukae chini ukizungusha nati peke yake, kwa sababu bolti ikizunguka huikata ile pete ya butili uliyoihangaikia. Tumia spana ya mkono. Nati za chuma kisichoshika kutu zikizungushwa kwa mashine hupata moto na kujiganda kwenye bolti, zisiende mbele wala kurudi nyuma. Tone la grisi kwenye meno ya bolti hupunguza hatari hiyo.

Usikaze yote siku moja. Mara ya kwanza kaza hadi butili ianze kuchungulia pande zote, kisha uiache jua liipashe. Kesho yake kaza tena kwa robo au nusu mzunguko. Baada ya juma moja, rudia mara ya mwisho, halafu uikate butili iliyotoka kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Acha kukaza pale chuma kinapokuwa kimetulia, kikiwa bado kimekalia utando mwembamba wa butili.

Kukagua

Zungushia kila nati karatasi ya shashi chini ya sitaha, kisha mtu amwage maji juu ya kila chuma kwa dakika tano huku wewe ukiwa ndani na tochi. Karatasi hulionyesha tone moja ambalo kidole kisingelihisi. Baada ya hapo funga kamba kwenye kliti ya omoni, muivute wawili kwa uzito wenu wote, kwanza kuelekea mbele na kisha kwa upande, na mtu wa tatu aangalie kama bamba linasogea au ganda linatoa mlio.

Chora ramani ya sitaha kwenye daftari, uonyeshe kila chuma na tarehe kilipofungwa, pamoja na ile miduara ya chaki uliyoipata ulipogonga kwa sarafu. Kila mwaka mapema Machi, kabla ya masika, igonge sitaha yote upya na uilinganishe na ramani. Duara likiwa limepanuka, fungua kwanza chuma kilicho karibu nalo upande wa juu, kule maji yanakotokea sitaha inapoinama.